Ngozi za Pikapu

Asubuhi ile niliamka Katesh nikiwa sina ugomvi na mtu yeyote, na hilo ndilo lililoniondoa. Mtu wa aina yangu akikaa mahali mpaka wenyeji wakaacha kumuuliza katokea wapi, miguu huanza kumwasha. Nilifunga spana zangu kwenye kiroba cha mbolea nikasimama barabarani. Lori la kwanza kusimama, dereva akaniuliza naenda wapi. Nikamuuliza yeye anaenda wapi. Akasema Balangdalalu, kupakia alizeti.

"Basi ndiko huko," nikasema, nikapanda.

Nawasimulia haya ninyi vijana kwa sababu hakuna wiki inayopita bila mmoja wenu kufika hapa na gari la zamani na simu mpya. Shikamoo na turbo vinatoka kwa pumzi moja. "Shikamoo babu, tuanze na turbo au tuanze na ekzosi?" Kisha ananionyesha kwenye simu gari la nchi nyingine, lenye rangi ya machungwa, likipita kwenye lami iliyonyooka kama rula. Nami naangalia gari lake pale nje. Limesimama juu ya jiwe, maana breki ya mkono ilistaafu kabla yangu.

Shule niliiacha mapema, tukaachana bila kinyongo. Yote niliyojifunza baadaye niliyafungua kwa spana. Lakini nilikuwa na mwalimu mmoja, Fundi Rajabu, Mrangi wa Kondoa, mtu aliyevaa kanzu nyeupe Ijumaa na kurudi chini ya gari nayo bila kupata doa. Alikuwa akisema: "Gari lina shida zake, na mwenye gari ana shida zake. Ukianza na za mwenye gari, utakuwa na kazi maisha yako yote." Mafundi wengine walidhani anawapa onyo. Wengine walichukua kama mpango wa biashara.

Niliwahi kumwona mtumishi mmoja, mgeni wa kutoka mbali, aliyenunua gari dogo la zamani akalifungia ekzosi pana kama bomba la kalavati. Gari lile lilisikika kabla halijaonekana. Mbuzi walitoka barabarani wenyewe, watoto wakavutwa ndani, wamama wakaanua unga. Sisi tukamcheka, mpaka tulipogundua kwamba halikuwa na breki hata kidogo. Ule mlio ndio uliokuwa unaokoa watu. Siku alipofungiwa breki nzuri na ekzosi ya kawaida, alisikitika akasema gari limepoteza nguvu.

Basi, Balangdalalu. Dereva alinishusha karibu na nyumbani kwa Mzee Margwe, mkulima wa alizeti na mfugaji, kwa sababu uani kwake palikuwa na pikapu ya dizeli iliyofunguliwa boneti na watu wamesimama wameizunguka mikono nyuma. Fundi akiona boneti wazi ni kama mlevi akisikia ngoma. Nilipita kusalimia tu.

Hapo lazima niwaeleze jambo, kwa wale wenu waliozaliwa mjini. Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Humweka mmoja kwa rafiki kijiji kingine, ili ugonjwa au wezi wakija wasimkute mtu na mali yake yote mahali pamoja. Anayetunza anakunywa maziwa na kuchukua samadi. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi kwa mwenye mali, aione kwa macho, ajue kwamba hakuuzwa mnadani. Ni utaratibu mzuri, na umeunganisha familia nyingi kuliko harusi.

Mzee Margwe alikuwa ameweka pikapu kwa utaratibu huo huo.

Alikuwa ameiweka kwa Mama Paskalina wa Masieda, mjane, ambaye mume wake alikuwa rafiki wa Margwe tangu ujana. Mama Paskalina aliiendesha mwenyewe. Watu walishangaa msimu mmoja, kisha wakachoka kushangaa wakaanza kupanda. Alibeba vitunguu saumu, mahindi na watu kwenda Haydom, na siku za mnada alishuka Dirma na wafugaji. Nauli ilikuwa ndiyo maziwa. Na kila kifaa kilichokufa kwenye lile gari, mkanda, mpira, gasketi, alikileta Balangdalalu kimefungwa kwenye kanga. Mzee Margwe alikipokea, akakigeuza, akasema "sawa," akakitupa kwenye banda la nyuma.

Siku niliyofika Mama Paskalina alikuwa ameleta gasketi ya silinda hedi, imeungua. Ilikuwa imebadilishwa Haydom, na gari limeshuka salama kwa sababu kushuka hakuna gari lisiloweza. Shida ilikuwa kurudi. Lile gari lilikuwa halipandi tena mlima wa Masieda na mzigo bila kuchemka, na Mzee Margwe alikuwa amechoka kupokea ngozi.

"Ng'ombe anayekufa kila msimu," alimwambia, "ama kapigwa kijicho ama ana mtunzaji mbaya. Mimi siamini kijicho. Mimi ni Mlutheri."

"Mzee, mimi namlisha nini zaidi?" akasema Mama Paskalina. "Maji anakunywa kuliko ng'ombe wa kweli. Nabeba madumu ya maji kuliko abiria."

"Basi safari hii ni hivi. Tunapakia mzigo, napanda mwenyewe. Akipanda Masieda bila kuchemka, anabaki kwako. Akichemka, nageuza naye, namweka kwa mtu mwingine."

Mama Paskalina alikunja ile kanga tupu vizuri sana, kona kwa kona, na kila aliyekuwepo alielewa. Bila ile pikapu alikuwa mjane wa kawaida mwenye shamba la mteremko.

Mtu wa nne pale alikuwa Elibariki, mtoto wa Mzee Margwe, aliyetoka Arusha na boksi. Alilikumbatia boksi hilo kama mzazi wa kiroho anayesubiri ubatizo. Ndani mlikuwa na turbo.

"Baba, gari linachemka kwa sababu linajitahidi sana," alieleza. "Tukiliongezea nguvu, halitajitahidi."

Msicheke. Ni maneno mazuri, na nimewasikia wakubwa zaidi yake wakiyasema juu ya mambo makubwa zaidi ya pikapu. Barabara imeharibika, ongezeni magari. Mimi nilisema tu shikamoo kwa Mzee, nikasema ni fundi, napita, nikauliza kama naweza kuangalia.

"Unaangalia injini?" akauliza Elibariki.

"Naomba kwanza niangalie ngozi."

Walinipeleka bandani. Vijana, nimefungua injini nyingi, lakini sijawahi kuona kitu kama lile rundo. Kila kilichowahi kufa kwenye lile gari kilikuwa pale, kwa mpangilio wa vifo vyenyewe, vya zamani chini na vipya juu. Hospitali gani ina kumbukumbu kama hiyo? Mzee Margwe alisimama mlangoni kwa fahari.

"Hakuna hata kimoja kilichopotea," akasema. "Vyote nimeviona kwa macho yangu."

"Na kila kimoja kilikufa na nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza rangi ya soksi zake. "Kilikufa. Nimeshakwambia nimekiona."

Nilikaa chini nikaanza kufukua. Chini kabisa vilikuwa vifo vya uzee, vya heshima: brekipedi zilizoisha, klachi iliyolika, mikanda iliyochoka. Katikati palikuwa na rejeta ya zamani, imetoboka. Kuanzia hapo kwenda juu, kila kitu kilikuwa kimekufa kwa homa. Mipira ya maji iliyovimba kama mguu wenye matende. Vifuniko vya rejeta. Gasketi juu ya gasketi, zote zimeungua sehemu ile ile. Kwa hiyo gari lilikuwa zima mpaka siku ilipobadilishwa rejeta, na baada ya siku hiyo halikupona tena. Watu wawili waaminifu walikuwa wamepeana ushahidi miaka yote hiyo, mmoja kuthibitisha hakuiba na mwingine kuthibitisha hakuibiwa.

Sasa ndiyo nikaenda kwenye injini. Feni ilikuwepo, inazunguka vizuri. Lakini kwenye fremu ya rejeta palikuwa na matundu ya bolti yasiyoshika kitu. Hapo hufungwa kava la feni, lile duara la bati linaloizunguka feni ili ivute upepo kupitia kwenye rejeta, isivute popote inapopenda. Feni bila kava ni kama mtu anayepuliza jiko la kuni akiwa amesimama mlangoni.

"Kava la feni liko wapi?" nikauliza.

"Fundi wa Haydom alilitoa siku ya rejeta," akasema Mama Paskalina. "Alisema ni urembo. Nililileta hapa, mikononi mwa Mzee."

"Kwenye banda halimo," nikasema.

Mzee Margwe alikohoa. "Mama Paskalina, mimi kitu nilichopokea kipo."

"Unasema nimeuza?"

"Sijasema umeuza. Nimesema nilichopokea kipo."

Kumwambia mtunzaji hivyo ni kumwambia amekula ndama. Elibariki, ambaye angeweza kunyamaza, akasema si lazima kulumbana juu ya bati, turbo ingefunika hilo lote. Mama Paskalina akavuta pumzi ya kusema maneno ambayo familia mbili zingeyakumbuka mpaka kwa wajukuu. Mimi nikaomba maji ya kunywa. Si kwa busara, vijana. Nilikuwa na kiu.

Mama Elibariki, mke wa Mzee Margwe, alikuwa jikoni anakoroga uji, na alinionyesha mtungi pembeni mwa mlango. Nyuma ya mtungi kulikuwa na kuku amelalia mayai. Alikuwa amekaa katikati ya duara safi la bati jeusi, lililotandikwa majani makavu, lenye matundu ya bolti pembeni.

"Mama, hiki kiota kimetoka wapi?"

"Kilikuja na yule mama wa Masieda, zamani. Mzee alikuwa anakitupa kule, nikasema kitu kizuri hivi hakitupwi. Kuku wangu wote wamezaliwa humo."

Nilirudi uani nikawaita. Wakasimama wote mlangoni wakimtazama kuku. Kuku naye akawatazama, na katika kundi lile ndiye pekee aliyekuwa na sura ya mtu anayejua anachofanya. Mzee Margwe alivua kofia. Nadhani alitaka kusema kitu kwa Mama Paskalina, lakini kwa mzee wa Kiiraqw wa umri ule, kuvua kofia mbele ya mjane ni hotuba nzima. Mama Paskalina akaitikia kwa kichwa. Wakawa wameelewana.

Ila hatukuwa tumeelewana na mwenye kuku.

"Hakuna anayemgusa," akasema Mama Elibariki. "Mayai yamekaribia. Rudini yakishaanguliwa."

"Mke wangu, gari linasubiri," akasema Mzee.

"Gari limesubiri miaka. Kuku wangu mkimwamsha akasusa, nani ataendelea kuyalalia? Wewe? Au huyu fundi?"

Nilimwambia kuku hasusi akihamishwa taratibu na majani yake yale yale, kwenye kitu chenye giza na kuta zilizosimama, kama vile boksi. Wote tukageuka. Elibariki alirudi nyuma hatua moja.

"Turbo yangu nitaiweka wapi?"

"Kabatini," akasema mama yake. "Haitaanguliwa."

Hivyo ndivyo lile boksi la Arusha lilivyopata kazi. Mama Elibariki alimfunika kuku kanga kichwani, akamhamisha na mayai na majani yake, na kuku akakaa ndani ya picha za magari yaendayo kasi bila kulalamika.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko maneno. Nilifungua rejeta nikaikuta imejaa mbegu za majani za Dirma na matope ya kila barabara. Niliisafisha kwa maji kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu ukisafisha kutoka mbele unazisindika mbegu ndani zaidi. Halafu nikarudi kwenye rundo, nikachomoa themostati, kile kilango kinachoyafungulia maji njia yakipata moto. Ilikuwa pale kama marehemu, lakini sikuona ugonjwa wake. Mafundi wengi wakiona gari linachemka huitoa hiyo kwanza, kama mtu anayeng'oa mlango kwa sababu nyumba ina joto. Niliomba sufuria, nikaitia na maji motoni. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka, nikaitoa ikajifunga yenyewe. Ilikuwa nzima. Ilifukiwa hai.

"Hiyo ni sufuria ya uji," akasema Mama Elibariki.

"Nimeona, mama."

Tulipofunga themostati na kava la feni na kuwasha injini, niliomba karatasi. Elibariki akanipa ile ya maelezo iliyotoka kwenye boksi, yenye lugha tano na isiyo na Kiswahili. Hili jifunzeni, maana alinifundisha Rajabu. Injini ikiwa inanguruma, weka karatasi mbele ya rejeta uiachie. Ikidondoka, injini haipumui. Ikishika katikati tu na kudondoka pembeni, inapumua kwa pua moja. Yetu ilishika katikati, nikaisogeza kona, ikashika, nikaisogeza kona nyingine, ikashika. Mzee Margwe akaijaribu mwenyewe. Kisha Mama Elibariki. Kisha jirani aliyekuja kuazima jembe. Ile karatasi ilifanya kazi zaidi siku ile kuliko ambavyo ingefanya ndani ya boksi.

Kwa hiyo mkiniuliza tuanze na nini, jibu langu ni hilo. Anza na kupumua na kupoa. Halafu kusimama, yaani breki, maana gari linalokwenda vizuri na halisimami ni ajali inayosubiri mteremko. Halafu oili safi, noseli za dizeli zisizotema hovyo, na ukandamizaji wa silinda upimwe. Ukimaliza yote hayo, mara nyingi utashangaa kwamba ile nguvu uliyotaka kuinunua ilikuwemo ndani, imelala. Ukiwa bado unataka turbo, njoo tuongee. Turbo ni kitu kizuri. Nimefunga kadhaa, kwa injini zilizokuwa hazina homa.

Tulipakia mahindi, mbolea, na watu ambao hawakosekani gari likielekea popote. Mzee Margwe alikaa mbele, macho kwenye mshale wa joto kama anayesubiri ng'ombe azae. Mama Paskalina aliendesha bila kuutazama. Mimi na Elibariki tulikuwa nyuma juu ya magunia.

Mlima wa Masieda hauna utani. Una kona ambapo dereva anayepanda na anayeshuka hulazimika kujuana majina. Mahali gari lilipozoea kuchemka palikuwa na mawe meusi ya kuwekea matairi, yaliyopangwa na abiria wa miaka yote. Tulipoyakaribia, mama mmoja mwenye kapu la vitunguu akashusha miguu kabisa ajiandae kuteremka. Mama Paskalina akapunguza gia. Injini ikanguruma, vumbi likapanda, mawe yakapita pembeni yetu taratibu, yakabaki nyuma. Yule mama akabaki miguu inaning'inia.

"Mbona hatusimami?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Mbele kabisa Mzee Margwe akatoa mkono dirishani na kupiga bati la mlango mara moja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni.

"Mmeweka nini?" abiria mmoja akamuuliza Elibariki.

Elibariki alifikiri. "Tumeboresha mfumo," akasema. Nasikia mpaka leo kuna watu Haydom wanaosema ile pikapu ina turbo.

Tulifika Masieda jua likiwa bado juu. Mama Paskalina alizima injini uani kwake, akashuka, akaweka kiganja juu ya boneti akakiacha hapo. Mzee Margwe alizunguka gari, akainama, akatazama chini kama kuna maji yaliyovuja. Hayakuwepo.

"Anabaki," akasema.

Mama Paskalina akasema, "Asante, Mzee," akaingia ndani haraka, akatoka na vigoda na maziwa ya mgando, na macho yalikuwa mekundu kidogo, tukakubaliana wote kwamba ni vumbi. Tulikunywa. Mlima mwingine ulikuwa mbele yetu, na nyuma yake mwingine, na sikujua jina la hata mmoja. Nikauliza kama kuna nyumba ya wageni karibu.

"Nyumba ya wageni?" Mzee Margwe aliweka kibuyu chini. "Wewe nilikuokota mimi, kwangu, Balangdalalu. Kwa hiyo ni wangu. Sasa nakuweka kwa Mama Paskalina. Kazi ya mikono yako ni maziwa yake. Siku ukitaka kuhama, unaniaga mimi kwanza."

"Anakula nini?" akauliza Mama Paskalina, ananitazama toka juu mpaka chini.

"Kidogo. Ila anakunywa maji sana, nimemwona."

"Na akifa?"

Mzee Margwe alifuta masharubu ya maziwa, akanipima kwa macho polepole, kama anayetafuta sehemu ya kuanzia.

"Leta ngozi," akasema.

Mama Paskalina akanionyesha chumba cha vitunguu saumu, kimetundikwa mafungu mpaka darini. Nikatua kiroba cha spana, nikavua viatu, nikajinyoosha juu ya magunia. Na tangu siku hiyo sijawahi kwenda Balangdalalu kuaga.